Sura ya Sita: Mbona Dawa ya Tumbo na Sumu ya Ghala Zina Jina Moja?

Mama mmoja wa makamo kutoka Laela alisimama kwenye kaunta ya duka la dawa mjini Sumbawanga akiwa na boksi dogo mkononi. Binti yake alikuwa na msokoto wa tumbo tangu usiku. Muuzaji alikwisha kumwelekeza namna ya kumpa vidonge na chenji alikwisha kupewa, lakini mama hakuondoka. Aliligeuza boksi, akaweka kidole chini ya maandishi yaliyosomeka: Hyoscine Butylbromide 10 mg.

"Mwanangu," alisema, "Kizungu sikijui, ila hili neno la mwisho nalifahamu. Marehemu mzee wangu alikuwa kibarua wa ghala la mahindi. Siku ya kufukiza walifunika magunia kwa turubai, wakabandika karatasi yenye fuvu la kichwa. Pale waliandika bromide. Sisi wake zao tulikatazwa hata kupita karibu. Leo nimpe mtoto anywe?"

"Hapana, mama, hiyo ni dawa tu. Usiwe na wasiwasi."

Mama alishukuru, akatoka, uso wake ukiwa na wasiwasi uleule. Alichoambiwa ni kweli, lakini hakuelezwa kwa nini ni kweli. Swali lake huulizwa na wengi kwa namna mbalimbali. Mfugaji wa bondeni Rukwa hukuta neno hilohilo kwenye pakiti ya dawa ya ng'ombe. Mzazi hulisoma kwenye chupa ya dawa ya kikohozi. Mwoka mikate husikia kwamba kuna "bromati" iliyopigwa marufuku katika nchi nyingi. Je, yote haya ni kitu kimoja?

Sura hii ni jibu kwa yule mama.

Jina hukatika vipande

Tuanze na jina la mji wenyewe. Kwa Kifipa, Sumbawanga ni maneno mawili yaliyoshikana: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Asiyejua Kifipa husikia jina la mji. Anayejua husikia amri: tupa uchawi. Majina ya kemikali yako hivyohivyo. Mgeni huona neno refu la kutisha, ilhali aliyefundishwa kulikata huona vipande vidogo, kila kimoja na kazi yake.

Kiswahili chetu kimetuandaa vizuri kwa somo hili. Tazama piga, pigwa, pigana. Mzizi ni mmoja, pig-, lakini mwisho wa neno ndio unaotuambia nani ametenda na nani ameumia. Hakuna Mswahili anayechanganya "amepiga" na "amepigwa" kwa sababu tu mwanzo wa maneno hayo unafanana.

Sasa tazama haya:

- Bromini ni kitu chenyewe, kikiwa peke yake.
- Bromidi ni bromini iliyokwisha kupokea ilichokuwa inakitafuta.
- Bromati ni bromini iliyofungwa pamoja na oksijeni.

Mzizi ni brom-. Ncha ndiyo inayosema kama tuna dawa, sumu au kitu kingine kabisa. Ukikumbuka jambo hilo moja tu kutoka sura hii, itakuwa imetosha.

Jembe, udongo mwekundu na kidonge cha kuongeza damu

Kabla hatujaenda mbali, tuelewane maneno mawili.

Elementi ni kitu cha msingi ambacho kikemia hakigawanyiki kuwa vitu rahisi zaidi. Chuma ni elementi. Dhahabu ni elementi. Bromini pia. Chembe ndogo kabisa ya elementi, ambayo bado ni ya elementi hiyo, huitwa atomu.

Kampaundi ni kitu kinachopatikana pale elementi mbili au zaidi zinapofungamana kikemia. Kampaundi ina tabia yake yenyewe, ambayo huwezi kuibashiri kwa kutazama wazazi wake.

Wafipa waliijua tofauti hii kwa mikono kabla ya darasa la kemia kufika. Katika uwanda wa Ufipa bado kuna mabaki ya malungu, yale matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma, mengine yakifikia mita tatu kwenda juu. Wahunzi waliyajaza mawe yenye chuma na makaa, wakaacha hewa ipite matundu ya chini, na moto ukafanya kazi yake. Walichoingiza kilikuwa mawe na udongo mwekundu, yaani chuma kilichofungwa na oksijeni. Moto na makaa viliinyang'anya oksijeni ile, na chuma cha kufulia majembe kikabaki.

Leo kliniki za wajawazito hutoa vidonge vya kuongeza damu. Ndani yake mna chuma pia, kikiwa kwenye kampaundi ambayo tumbo linaweza kuipokea. Udongo mwekundu wa barabarani, jembe na kidonge cha mjamzito vyote vina elementi moja. Hakuna mkunga atakayemwambia mjamzito arambe jembe, wala mkulima atakayelima kwa kidonge. Umbo ambalo elementi imefungiwa ndilo linaloamua kazi yake.

> Kwa ufupi: Kusema "ina chuma" au "ina bromini" ni kutaja ukoo tu. Bado hujasema ni mtu gani katika ukoo huo.

Bromini yenyewe ni nini?

Mwaka 1826, kijana Mfaransa wa miaka 23 aitwaye Antoine Balard alikuwa akichunguza maji ya mashamba ya chumvi karibu na Montpellier. Anayewafahamu wavuna chumvi wa pwani yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Mtwara, anajua kwamba chumvi ikishaganda hubaki maji machungu yasiyo na kazi. Balard aliyachukua maji ya aina hiyo, akaingiza klorini ndani yake, na yakageuka rangi ya manjano ya kahawia. Kutoka humo alipata kimiminika kizito chekundu kilichoiva, chenye harufu ya kuchoma pua. Wanasayansi wa Paris wakakiita kwa neno la Kigiriki lenye maana ya uvundo, bromos. Mjerumani Carl Löwig naye alikuwa amekipata wakati uleule kutoka maji ya chemchemi ya chumvi.

Bromini ni ya 35 katika orodha ya elementi. Kati ya elementi zote zisizo metali, ndiyo pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida. Huchemka kwenye nyuzi 59 hivi, joto la chai ambayo mtu anaweza kuinywa kwa kupuliza, na hata bila kuchemka hutoa moshi mwekundu unaounguza macho, koo na mapafu. Ikidondokea ngozi huacha kidonda kibaya kinachochelewa kupona. Hakuna anayekutana nayo dukani. Inakaa maabara na viwandani, kwenye vyombo maalumu.

Bromini ina ndugu zake, na hao unawafahamu:

- Florini: ikizidi kwenye maji ya kunywa, meno huwa ya kahawia, kama inavyoonekana sehemu za Arusha na Kilimanjaro.
- Klorini: ndiyo harufu ya maji ya bomba yaliyotiwa dawa, na ndiyo nusu ya chumvi ya mezani.
- Bromini: mada yetu.
- Iodini, au madini joto: huwekwa kwenye chumvi ili watu wasiote rovu shingoni, tatizo lililokuwa kubwa nyanda za juu kusini.

Ukoo huu huitwa halojeni, yaani wazaa chumvi. Wote wana tabia moja. Fikiria gari lenye viti nane, saba vimekaliwa. Konda hatulii. Anaita, anavuta watu mikono, anagombana na makonda wengine mpaka kiti cha nane kipate mtu. Atomu ya halojeni iko hivyo. Ukingoni mwake kuna nafasi nane za elektroni, chembe ndogo mno zinazozunguka atomu, na saba zimejaa. Ile ya nane inaitafuta kwa nguvu popote, hata kwenye ngozi yako au pafu lako. Ndiyo sababu bromini tupu inaunguza.

Bromini nyingi ya dunia hii iko baharini. Lita moja ya maji ya bahari ina takribani miligramu 65 za bromidi, na lita moja ya Bahari ya Chumvi, kati ya Israeli na Yordani, ina gramu kama tano. Huko ndiko viwanda vikubwa vilipo.

Na kuna shahidi mmoja wa jirani. Ukishuka kutoka Ufipa hadi bondeni na kuzunguka Ziwa Rukwa kwenda kusini-mashariki, unafika Ivuna, mahali palipojulikana tangu kale kwa chumvi yake. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka pale kutoka angani. Kilichookotwa kilikuwa na uzito wa gramu 705 hivi, chini ya kilo moja ya sukari. Likatokea kuwa miongoni mwa mawe machache mno duniani yaliyohifadhi mchanganyiko wa elementi karibu kama ulivyokuwa jua na sayari zilipoanza. Kundi zima la mawe hayo huitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Wanasayansi wanapotaka kujua elementi gani zilikuwepo mwanzo na kwa uwiano gani, bromini ikiwemo, kipimo wanachorejea ni mawe ya kundi hili. Mtoto wa Rukwa anayedhani kemia ni habari ya mbali aambiwe hilo.

Bromidi: konda aliyetulia

Turudi kwenye gari letu. Kiti cha nane kimepata abiria. Konda amefunga mlango, amekaa, hagombani tena na mtu. Atomu ya bromini iliyopata elektroni yake ya nane huitwa bromidi. Kwa kuwa sasa ina elektroni moja ya ziada, ina chaji hasi ya umeme. Chembe yenye chaji huitwa ioni. Bromidi ni ioni iliyotulia, ndugu wa karibu wa kloridi iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Damu ya kila mtu ina bromidi kidogo, inayotoka kwenye chakula na chumvi.

Watengenezaji wa dawa huipenda bromidi kwa sababu ya utulivu huo. Dawa nyingi zina chaji chanya, na chaji chanya haiwezi kuwekwa kwenye kidonge peke yake. Lazima ipewe mwenza mwenye chaji hasi. Mwenza huyo anaweza kuwa kloridi, bromidi au mwingine. Anayetibu ni ule upande wa kwanza wa jina. Mwenza anamsindikiza tu.

Mfano mzuri uko kwenye maduka ya dawa za mifugo. Mbung'o wa nyika za Rukwa na Katavi huambukiza ng'ombe nagana, na moja ya dawa za zamani za nagana ni homidiamu. Imewahi kuuzwa kwa sura mbili, homidiamu bromidi na homidiamu kloridi. Zote mbili huua vimelea vilevile ndani ya damu ya ng'ombe. Tofauti anayoiona mfugaji iko kwenye kikombe: ile ya kloridi huyeyuka kwa maji baridi, ile ya bromidi inataka maji ya moto. Mwenza amebadilika, na kilichobadilika ni namna ya kuyeyuka.

Sasa tulishike boksi la mama wa Laela na kulikata jina lake.

*Hyoscine*, kwa Kiswahili hayosini, ni kemikali inayopatikana katika mimea ya jamii ya mnanaha. Hulegeza misuli ya utumbo iliyokaza, na hapo msokoto hupungua. *Butili* ni kipande kidogo chenye kaboni nne, kilichobandikwa kwenye hayosini ili iwe na chaji ya kudumu isiyobanduka. Dawa yenye chaji ya namna hiyo hupenya ubongo kwa shida, hivyo tumbo linatulia bila kichwa kuchanganyikiwa. *Bromidi* ni yule msindikizaji.

Angalia jambo moja ambalo jina linaficha. Kwenye boksi, butili na bromidi zimeandikwa kwa kuungana, kama vile ni kitu kimoja. Ndani ya kidonge, butili imeshikamana na hayosini. Bromidi imesimama kando, ioni iliyotulia.

Na ni kiasi gani? Kidonge kina miligramu 10 za dawa. Ukipima kwa uzito wa atomu, bromidi ni chini ya miligramu mbili. Kiasi hicho kimo pia katika vijiko vichache vya maji ya bahari.

Hii haina maana dawa hii inafaa kila mtu. Wenye presha ya macho, wanaume waliovimba tezi dume na wenye mapigo ya moyo ya kasi wamwambie daktari kwanza. Na tumbo linalouma bila kukoma, au lililokaza kama ubao, lisinyamazishwe kwa vidonge. Huyo apelekwe hospitali siku ileile.

> Kwa ufupi: Bromidi katika jina la dawa kwa kawaida ni msindikizaji. Soma mwanzo wa jina ili ujue dawa yenyewe ni ipi, na usome miligramu ili ujue ni kiasi gani.

Lakini hata msindikizaji akizidi

Kuna wakati bromidi yenyewe ilikuwa dawa. Tarehe 11 Mei 1857, katika mkutano wa madaktari mjini London, Charles Locock alieleza kwamba potasiamu bromidi imewasaidia wanawake waliokuwa wakianguka kifafa. Ilikuwa habari kubwa. Hadi siku ile hakukuwa na dawa ya kuaminika ya kifafa popote duniani. Kwa zaidi ya miaka 50 bromidi ndiyo iliyoongoza, mpaka mwaka 1912 daktari Mjerumani Alfred Hauptmann alipoonyesha nguvu ya fenobabitoni, ambayo zahanati zetu zinaitumia hadi leo.

Wagonjwa wa zama zile walimeza gramu kadhaa kila siku. Gramu tatu za potasiamu bromidi zina takribani miligramu 2,000 za bromidi, mara elfu na zaidi ya kile kidonge cha tumbo. Bromidi pia haiharakishi kutoka mwilini. Huchukua siku kama 12 mpaka nusu yake itoke, kwa hiyo ya leo hulala juu ya ya jana. Walioitumia muda mrefu walianza kusinzia, kusahau, kuyumba, kuota vipele na hata kuona vitu visivyokuwepo. Hali hiyo iliitwa ubromidi, yaani sumu ya bromidi iliyolimbikizana. Huko Ulaya na Marekani, ambako bromidi iliuzwa holela kama dawa ya kutuliza mawazo, wako waliolazwa wodi za wagonjwa wa akili kumbe kilichowasumbua ni chupa ya nyumbani.

Somo hili halijazeeka. Mwaka 2025 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu mwanamume wa miaka 60 aliyetaka kuacha kloridi katika chakula chake. Baada ya kuuliza programu ya kompyuta inayojibu maswali, alibadili chumvi ya mezani, yaani sodiamu kloridi, akaweka sodiamu bromidi aliyoinunua mtandaoni. Alikula hivyo kwa miezi mitatu. Alifika hospitali akiamini jirani yake anamwekea sumu, akiona na kusikia yasiyokuwepo. Kloridi na bromidi ni ndugu wa tumbo moja, lakini huwezi kumweka mmoja mahali pa mwenzake kwa kijiko.

Niseme neno kuhusu kifafa kabla sijaendelea. Katika mji ambao jina lake linasema tupa uchawi, bado wapo watoto wanaofichwa ndani kwa sababu wanaanguka, na wanaoachwa waungue jikoni kwa kuwa watu wanaogopa povu lao. Povu la kifafa haliambukizi. Kule Mahenge, mapema miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa, na kwa fenobabitoni ya bei ndogo watu waliokuwa wametengwa walirudi mashambani na kwenye ndoa zao. Kilichowarudisha ni dawa, kila siku, kwa kipimo.

Methili bromidi: ile ya ghalani

Sasa tuje kwenye karatasi yenye fuvu.

Rukwa ni moja ya mikoa inayolisha nchi. Msimu wa mavuno, malori ya mahindi hupanga foleni Sumbawanga, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake hapa, na maghala na vihenge vya kisasa. Mahindi yana adui, na adui aliye mkali kuliko wote ni dumuzi. Mdudu huyu aliingia Tanzania kutoka Amerika ya Kati, akaonekana Tabora kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wengine walimpa jina la Scania, kama lile lori kubwa. Gunia alilolishambulia hubaki na unga na matundu.

Kwa miaka mingi, maghala makubwa na bandari za Afrika Mashariki zilipambana na wadudu wa nafaka kwa gesi iitwayo methili bromidi. Hapa mpangilio ni tofauti kabisa na ule wa kidonge. Methili ni kipande kidogo kabisa chenye kaboni moja, na bromini *imefungwa moja kwa moja* kwenye kaboni hiyo. Haiko kando kama ioni iliyotulia. Kifungo hicho ni chepesi kufunguka. Gesi ikiingia mwilini, bromini huachia na methili hujibandika kwenye protini, zile kampaundi zinazoendesha kila kazi ya mwili. Protini iliyobandikwa haifanyi kazi tena. Mdudu hufa. Mtu hupata madhara ya mapafu na mishipa ya fahamu, na anaweza kufa.

Ubaya wake ni kwamba haina rangi, haina harufu ya kuaminika, na ni nzito mara tatu na zaidi kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kutuama mabondeni na mashimoni. Ndiyo maana wafukizaji mara nyingi waliichanganya na gesi nyingine inayochoma macho, ili mtu apate onyo. Mzee wa yule mama hakukatazwa bure.

Kisha ikagundulika kwamba madhara yake hayaishii ghalani. Gesi ikipanda angani huachia bromini, na bromini hula ozoni, tabaka la gesi linalotukinga na miale mikali ya jua. Atomu moja ya bromini huharibu ozoni mara 50 hivi au zaidi kuliko atomu ya klorini. Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni ulitiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, methili bromidi ikaongezwa mwaka 1992, na Tanzania ikajiunga mwaka 1993. Nchi tajiri zilitakiwa kuiacha ifikapo 2005, na nchi zinazoendelea, yetu ikiwemo, ifikapo 2015. Kilichobaki ni matumizi ya karantini na ya kufukiza mizigo kabla ya kusafirishwa nje.

Maghala mengi sasa hutumia fosfini, gesi inayotoka kwenye vidonge ambavyo watu huviita fostoksini. Jina hili halina brom- ndani yake, lakini usidanganyike. Vidonge hivyo vikipata unyevu wa hewa hutoa gesi inayoua. Visiwekwe kamwe kwenye gunia lililo ndani ya nyumba ya kulala. Ni kazi ya wataalamu, kwenye ghala lililofungwa.

Kwa mkulima wa magunia kumi au ishirini iko njia isiyohitaji sumu hata tone. Ni mifuko ya kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani ya mmoja wa kusokotwa. Kausha mahindi sawasawa, jaza, kamua hewa, funga kila mfuko peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza oksijeni, kisha hukosa pumzi.

Bromati na ndugu waliofichika

Potasiamu bromati iliwahi kupendwa na waoka mikate kwa sababu huimarisha donge na kuufanya mkate uvimbe. Mkate ukiiva sawasawa, bromati nyingi hugeuka kuwa bromidi. Ukitiwa nyingi au ukiokwa haraka, bromati hubaki. Mwaka 1999 taasisi ya kimataifa inayochunguza saratani iliiweka miongoni mwa vitu vinavyoweza kumsababishia binadamu saratani. Uingereza ilikuwa imeipiga marufuku tangu 1990. Mwoka mikate, soma mfuko wa kiboreshi chako. Ukiona *bromate*, uuache dukani.

Bromini pia imo kwenye vitu ambavyo majina yake hayaitaji:

- Neti ya mbu. Neti nyingi zimewekwa deltamethrini, dawa yenye atomu mbili za bromini katika kila molekuli, yaani fungu moja la atomu zilizoungana. Mwili wa mtu huivunja upesi, mbu hawezi. Samaki nao hawawezi, kwa hiyo mkazi wa Kirando au Muze afulie neti kwenye beseni, na maji ayamwage chooni, mbali na ziwa na mto.
- Dawa ya usingizi. Halotheini, iliyotumika miaka mingi kulaza wagonjwa katika vyumba vyetu vya upasuaji, ina bromini moja.
- Picha ya eksirei. Filamu ya zamani ilipakwa chembe za bromidi ya fedha, ambazo hubadilika zikipigwa na miale. Mfupa uliovunjika ulionekana kwa msaada wake.
- Dawa ya pumu na ya kikohozi. Ipratropiamu bromidi hufungua mirija ya hewa, na dekstromethofani hidrobromidi hutuliza kikohozi kikavu. Hapa bromidi ni msindikizaji tena.

Ukishika lebo, uliza maswali manne

1. *Neno linaishaje?* -ini, -idi au -ati? Hapo ndipo maana inapokaa.
2. *Kabla yake kuna nini?* Jina la dawa, kipande kidogo kama methili, au metali kama potasiamu?
3. *Kiasi gani?* Miligramu na gramu zinatofautiana mara elfu.
4. *Ni ya kunywa, ya kupaka, ya kuvuta au ya kufukiza?* Kitu kilichouzwa duka la pembejeo hakigeuki dawa ya nyumbani.

Na mtu akimeza au kuvuta sumu, mtoe mahali hapo, mpeleke hospitali upesi, na ubebe chupa au lebo. Daktari akiisoma atajua wa ukoo gani amemwingia mgonjwa.

Sasa, mama wa Laela, hili ndilo ulilopaswa kuambiwa pale kaunta. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Mzee wako alilinda familia yake kwa kulikumbuka neno lile, na wewe ulikuwa ukifanya kazi yake. Ya ghalani ilikuwa methili bromidi, gesi, bromini iliyofungwa kwenye kaboni na tayari kuachia. Hii ni hayosini iliyosindikizwa na bromidi iliyotulia, isiyofika miligramu mbili. Mpe binti yako kama ulivyoelekezwa, na msokoto ukiendelea, mlete hospitali. Boksi usilitupe. Mfundishe kulikata jina lile vipande.